Bi Futi Apima Kaskazini

Bi Futi, fundi wa vitambaa vya makochi, haamini kitu asichokipima. Jina hilo alipewa na wateja, maana futi haimtoki shingoni hata akienda msibani. Lakini mwezi huu futi yenyewe ndiyo iliyomchanganya.

Binti zake wawili wanafanya kazi kaskazini ya mbali, kule kwenye barafu, kila mmoja katika mji wake mdogo wenye kiwanja chake kidogo cha ndege. Mkubwa amejifungua juzijuzi, mumewe yuko safarini melini, na mdogo hajatia mguu kumwona.

"Ni mwendo wa saa moja tu kwa ndege, mama," mkubwa alilalamika kwenye simu.

Mdogo naye alipoulizwa alisema, "Mbali, mama! Si utazame ramani?"

Bi Futi akatazama. Aliisogelea ramani ya dunia ukutani, akaweka futi. Loo! Kati ya miji ile miwili palikuwa parefu kuliko kutoka hapa kwao hadi mpakani, ambako basi hufika kesho yake. Basi akampigia mkubwa, akamwambia aache kudeka. Binti akakata simu. Tangu siku hiyo usingizi ulimruka, kwa sababu yule mtoto hajawahi kumdanganya, na futi pia haijawahi. Amshike nani, amwache nani?

Jibu lilimkuta kwenye cherehani, ile ya kukanyaga aliyoachiwa na marehemu mama yake. Alikuwa anafumua mto wa duara kama mpira. Alipolaza kitambaa mezani, vipande vilishikana katikati, lakini ncha za juu ziliachana. Ili zigusane, ingembidi azivute zipanuke.

"Ala!" akasema peke yake. Kumbe dunia nayo ni mpira, na waliochora ramani wameivuta huko juu mpaka ikawa pana kupita kiasi. Aliona aibu. Akampigia mkubwa, akamwomba radhi, kisha akamjia juu mdogo.

"Saa moja kwa ndege, na humwoni dada yako? Unasingizia ramani kwangu mimi?"

Mdogo akajibu, "Mama, samahani. Na kutoka hapo hadi kwa mama mkubwa ni mwendo gani?"

Mama mkubwa ni dada yake Bi Futi. Anauza mboga mtaa wa nyuma tu, na hawajasemezana tangu walipogombania cherehani hiyohiyo.

Bi Futi aliishika futi shingoni, akaiachia. Baadaye alivaa kandambili, akasimama mlangoni muda mrefu, asijue aende na salamu tu au aibebe na cherehani.