Asidi Ndani ya Chupa ya Limonadi

Jumamosi, katika duka moja hapa Bukavu, dereva wa lori alinunua asidi ya betri, ile inayotoboa nguo, ikamiminwa ndani ya chupa ya limonadi. Mama mmoja aliyekuja kununua sabuni akasimama mlangoni, mikono ameitanua.

“Papa, hautatoka na hiyo chupa.”

“Naipeleka tu nyumbani. Nitaandika juu yake ‘sumu’.”

“Mutoto yako anajua kusoma?”

Dereva akatikisa kichwa.

“Basi ataona limonadi tu, atakunywa. Lete betri hapa.”

Dereva akamsihi, kisha akamfokea, lakini mama hakusogea. Mwishowe dereva akarudisha chupa kaunta, akaibeba betri kutoka kwenye lori, na muuzaji akaijaza palepale.

Aliondoka amenuna. Nami nasema, afadhali baba anune kuliko mtoto aungue koo.