Sauti ya Mama Siku ya Kufunga Shule

Watu wakisikia mama fulani amewapeleka wanawe nje ya nchi, wanawaza ndege, makoti mazito na picha za theluji. Sisi wetu alitupeleka nje ya nchi kwa kufuata ziwa lile lile tulilokuwa tukiogelea kwetu Bujumbura. Maji yale yale, samaki wale wale wa migebuka, ila huku sisi ndio wageni. Tulikuwa mimi, mdogo wangu wa kiume, yeye, na begi moja ambalo nusu yake ni madaftari. Sufuria hatukubeba. Ndiyo shida ya kuzaliwa na mwandishi.

Mama alikuwa mwandishi wa habari, lakini watu walimpendea safari. Kila Jumamosi asubuhi alisimulia redioni mahali alikofika, na kila mara alianza hivi, polepole, kama anayemimina asali: "Ndugu msafiri wa kwenye mkeka, chai yako ipo karibu? Haya, twende." Kisha akaandika habari moja isiyokuwa ya safari, na hiyo ndiyo iliyotusafirisha.

Kambi ya wakimbizi hatukwenda. Mama alisema huko kutoka getini tu ni kibali, na aliowakimbia wana masikio kila kona. Asingeandika hata mstari. Tukapanga chumba mjini, mtaa wa Gungu, tukawa Waha wa Manyovu, wenyeji wa kule mpakani. Si kazi ngumu, maana Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja waliogombania shamba. Ukijikumbusha tu kusema "mwakeye" asubuhi badala ya "mwaramutse", umepita. Mjumbe wa nyumba kumi, mzee mpole anayefuga bata, alituandika kwenye daftari lake bila maswali mengi. Alfajiri mama alichukua dagaa mwaloni Katonga, mchana akauza, jioni akaandika. Makala zilichapishwa nchi za mbali, kwa jina la bandia. Tungedumu hivyo.

Sharti lilikuwa moja, na aliniambia mimi peke yangu, kwa sababu alinijua.

"Utani wako wote ruksa," alisema. "Walimu, majirani, hata mimi. Ila ile sauti ya redio iache ife. Umenielewa, binti?"

"Nimekuelewa. Marehemu apumzike."

Hakucheka.

Shuleni kazi yangu ilikuwa kuigiza watu. Siku ya kufunga shule wazazi wakapangwa kwenye mabenchi uwanjani, mama akiwa katikati na kitenge chake cha kuuzia dagaa, nami nikaitwa jukwaani. Nikamwigiza mwalimu mkuu anavyokohoa kabla ya kudanganya. Wakacheka. Nikamtoa mwalimu wa hesabu akitafuta miwani iliyo usoni kwake. Wakaangua. Nikainama nishuke.

"Ongeza! Ongeza!"

"Mwacheni, kaishiwa huyo!" akapiga kelele mvulana mmoja wa darasa letu. "Kisima kimekauka!"

Mimi nimekauka? Ningekuwa na akili ningeinama tena nikakae. Badala yake nikanyoosha shingo, nikalegeza sauti, nikaanza: "Ndugu msafiri wa kwenye mkeka..."

Wanafunzi walicheka bila kujua namwigiza nani. Lakini benchi la nyuma mama mmoja muuza mawese akasimama, mkono mdomoni. Mama yangu alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

Yule muuza mawese alinifuata kabla sijafika chini.

"Mwanangu, hiyo sauti umeitoa wapi?"

"Redioni tu, mama."

"Redio ipi? Mimi nimepika nayo kila Jumamosi mpaka nilipokimbia." Akanitazama, akamtazama mama aliyekuwa amekuja kunishika mkono tuondoke.

"Dada, umenifananisha," mama akasema.

Maneno mawili. Yakatosha. Yule mama akamkumbatia, akamshika mikono yote miwili, akawa analia na kucheka. "Ni wewe! Tuliambiwa wamekuua!"

Afadhali angekuwa mpelelezi. Ningepata wa kumchukia. Kwetu mtu aliyedhaniwa kafa akipatikana hai haachwi bila kutembelewa, na hatembelewi mikono mitupu. Basi wakimbizi wenzetu wakaja. Walitoka Mwandiga, walitoka Ujiji, vikapu vya maharage kichwani, madumu ya mawese, mikungu ya ndizi, wamepanga mstari mchana kweupe. Kila mmoja alitaka kuuliza habari za nduguye, na kumsikia mama akisema japo "haya, twende". Jirani akaniuliza, "Kwenu kuna harusi?" Nikajibu, "Sisi Waha wa Manyovu tuna ndugu wengi." Hata utani wangu siku hiyo ulinuka.

Wiki haikuisha, mjumbe akaja. Chai hakuigusa.

"Mwanangu," alimwambia mama, "sikukuuliza ulikotoka kwa sababu sikutaka kujua. Sasa wanajua hadi bata wangu. Nikinyamaza nimeshiriki. Nenda kambini ukajiandikishe mwenyewe, kabla hawajaja kukuchukua."

"Nakushukuru, mzee," mama akasema. Yule mzee alitubebea begi mpaka barabarani.

Sasa nasoma shule ya kambini. Nachekesha huku pia. Sijui kazi nyingine. Mama hajaandika tangu tufike. Anasema macho yanamuuma, lakini uzi anautia kwenye sindano mara moja tu. Madaftari yako chini ya godoro. Mtu aliyezoea kuamka na kuamua leo aende wapi, sasa anaomba karatasi ili afike sokoni.

Hajawahi kunigombeza. Hata siku ile hakunifinya. Nami kila nikijaribu kuomba msamaha, mdomo unageuza mzaha katikati ya sentensi.

Jana alikuwa anachambua mchele. Nikakaa mbele yake, nikahakikisha uso hauna kichekesho. "Mama, ile siku ya kufunga shule..."

Akatoa kijiwe kimoja, akakitupa.

"Nenda kachote maji," akasema, "foleni haijawa ndefu."

Nikachukua ndoo.