Chupa Isiyosuuzwa

Nimelelewa Magomeni na mama mkubwa, na kwake chombo hakitiwi maji kabla ya kusuuzwa mara tatu. Ukisahau, unazabwa kofi, kisha unasuuza. Kwa hiyo mwezi wangu wa kwanza kwenye maabara ya maji, nilipotumwa Kariakoo kuchukua sampuli, likiwemo tangi la kibanda cha mama mkubwa mwenyewe anapouza juisi ya ukwaju, kila chupa niliisuuza mara tatu. Nikajiona hodari kweli.

Majibu ya tangi lake yalitoka safi. Nilifurahi kuliko inavyompasa mpimaji.

Dada aliyekuwa akinifundisha kazi aliyatazama, akaniuliza taratibu kama chupa niliisuuza. Nikajibu ndiyo, tena kwa maringo. Hakunifokea. Alinionyesha unga mweupe kidogo chini ndani ya chupa mpya: huo ndio unaoizima klorini, na mimi nilikuwa nimeumwaga. Mama mkubwa naye, kwa kujua mgeni anakuja, alikuwa ametia dawa hiyo ya klorini tangini asubuhi ileile, kama mtu anayefagia uwanja. Njia nzima dawa iliendelea kuua bakteria ndani ya chupa, ilhali wateja walikwisha kuwanywa wakiwa hai.

"Rudi," aliniambia. "Na usimwambie kama unakuja."

Safari hii sikusuuza. Tuliyachuja maji, tukaweka kichujio kwenye sahani yenye chakula cha bakteria, ikalala kwenye joto. Kesho yake ilikuwa imejaa vidoa vya bluu, dalili ya kinyesi. Nililia, wala sioni haya kusema. Kibanda kile ndicho kilichonisomesha. Nilitamani kunyamaza, lakini mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nilimkuta mama mkubwa ameshajaza ndoo mbili za juisi. Nikamwamkia, nikamweleza yote, hata kosa langu, nikisubiri kofi. Aliinua ndoo ya kwanza akaimwaga mtaroni, kisha ya pili, wateja wakimtazama.

"Wanaokunywa hapa nao wana mama zao," alisema.

Alifunga kibanda juma zima. Fundi alikuta bomba limepasuka karibu na shimo la choo. Lilipobadilishwa na tangi kusuguliwa, nilipima tena, na sahani ikatoka bila doa hata moja. Kila nishikapo chupa ya sampuli namshukuru dada yule kwa swali lake moja.

Mama mkubwa nilimpelekea majibu. Hakuyasoma. Alichukua glasi, akaisuuza mara tatu, akanijazia ukwaju, akasimama palepale mpaka nilipoumaliza.