Kurudi Gatongora na Damu ya Dada

Wiki ya mwisho hospitalini, muuguzi alinikalisha akanisomea masharti ya kurudi nyumbani Gatongora, huko Ruiru. Nisishike udongo. Nisikaribie kuku, maua wala mtoto mwenye kamasi. Nisile kachumbari, nisikumbatiwe. Siku mia moja. Nikamuuliza kama kupumua bado kunaruhusiwa.

"Ukivaa barakoa," akajibu, wala hakucheka.

Nilikuwa na saratani ya damu. Madaktari waliua uboho wangu kwa dawa kali, kisha wakanitilia seli shina za dada yangu mkubwa anayeishi Thika. Vipimo vilisema yeye ndiye tunayelingana naye zaidi. Mimi na yeye, ambao hatujawahi kukubaliana hata juu ya chumvi ya githeri! Daktari alinieleza kwa furaha kwamba hata kundi langu la damu litageuka liwe lake. Nikashukuru. Kwa miaka hamsini mwanamke huyu amenitawala kutoka nje. Sasa amepewa ofisi ndani.

Muuguzi alipouliza nani atatayarisha nyumba, mke wangu alifungua mdomo. Dada akajibu.

"Kesho niko Ruiru. Hiyo nyumba itasafishwa mpaka ijisahau."

Kuanzia hapo mke wangu alikuwa akinipigia simu kuniletea habari za vita. Siku ya kwanza kuku wetu sita walipelekwa uhamishoni Theta, kwa shemeji, bila kesi. Siku ya pili maua ya sebuleni yalitupwa, pamoja na yale ya plastiki, ambayo sijasikia yakiua mtu. Kiti changu cha kitambaa, kilichojifunza umbo langu kwa uvumilivu mkubwa, akapewa jirani. Maji ya kunywa yalichemshwa mara mbili. Mara ya pili nadhani ilikuwa adhabu.

Kisha ikaja kamati. Majirani zetu, watu wenye upendo mwingi, walikuwa wamepanga kunipokea kwa hema, viti mia na mbuzi wawili. Mtu hana kinga hata ya mafua, kwa hiyo mletee umati umpigie vigelegele usoni. Mwenyekiti alikuja mwenyewe kumwomba dada ruhusa.

"Ni nusu saa tu, mama. Tumwekee mikono, tumwombee."

"Hiyo mikono umenawa?"

"Lakini mama, Mungu..."

"Sijauliza Mungu. Nimeuliza wewe."

Hema likarudi lilikotoka. Mbuzi, nasikia, waliliwa hata hivyo, kwa niaba yangu.

Nilicheka peke yangu kitandani. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kutoka, na sikumwambia mtu. Mle wodini kila baada ya saa chache kulikuwa na mtu wa kunipima joto na kunitazama machoni. Nyumbani, nikipata homa, ningekuwa mimi na mke wangu na namba ya simu ya hospitali iliyobandikwa kwenye friji.

Siku ya kutoka nilijua nitamkuta dada mlangoni, amesimama kama askari jela. Tulipofika, mlango ulikuwa wazi, nyumba inanuka dawa ya kuua viini, na hakuna mtu.

"Yuko wapi?"

Mke wangu akanionyesha dirishani. Dada alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya geti la nyuma, amevaa barakoa. Asubuhi hiyo alikuwa amekohoa. Mara moja tu, na huenda ni dawa zake za kusafishia zilizomkaba. Lakini alichukua mkoba wake akatoka kwenye nyumba aliyoisugua kwa siku tano, na akakataa kurudi.

Nikafungua dirisha kidogo.

"Dada, ingia hata hapo uani."

"Funga dirisha! Kuna vumbi."

"Nilitaka kukushukuru."

"Shukuru ukiwa umefunga."

Nikafunga. Nikasema asante kwa kioo, naye akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia. Alingoja mpaka akaniona nimekaa. Kisha akajikung'uta sketi akaenda stejini kutafuta gari la Thika, nami nikalia kama mtoto, sijui ni kwa damu ya nani.

Kumbe alikuwa na kikohozi kweli; kiliisha siku ya tatu. Akakaa kwake wiki mbili zaidi, ili awe na hakika. Alipokuja hatimaye, hakuniuliza hali. Alienda moja kwa moja jikoni, akamwambia mke wangu kwamba sufuria tumezipanga vibaya.