Mkono wa Kulia wa Baba

Mkono wa kulia wa baba ulikufa asubuhi moja shambani Namtumbo, akiwa anachuma tumbaku. Watu walitupa pole. Mimi nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, na sioni aibu kusema. Mkono huo ulishamvunja mama jino, ukamng'oa nywele, ukanipasua mimi nyusi kwa kikombe cha bati. Kiharusi kilitupa amani ya mwaka mzima.

Mama ndiye aliyetaka mkono upone. Baba alikataa kula kwa mkono wa kushoto, basi mama akawa anamlisha. "Mwanaume mzima analishwa ugali mbele ya wageni!" mama alinilalamikia. Wakahamia kwangu Mjimwema, nami nikawa nawapeleka kwenye kituo cha mazoezi chenye roboti: mkono wa chuma unaofungwa kwenye mkono wa mgonjwa na kuusaidia kwenda na kurudi. Usoni baba alivishwa miwani mikubwa inayoonyesha mchezo wa kompyuta. Ndani yake aliona machungwa, akatakiwa ayachume.

Wiki tatu hakuchuma hata moja. Alitukana tu. Mtaalamu wa mazoezi, dada mmoja mpole, akambadilishia mchezo.

"Mzee, sasa hivi mpira unakuja. Upige kofi."

Mkono ukachomoka. Kofi la kwanza, la pili, la tatu, mpaka mashine ikatetemeka. Dada akashangilia. Nikageuka kumtazama mama. Alikuwa kando yangu kwenye benchi, hatua tano kutoka kwa baba, amejikunyata, viganja usoni.

"Mama, huko mpira haukufikii," dada akamtania.

Nilitaka kuivunjavunja ile mashine. Mama akanifinya paja, nami nikaendelea kukaa kama mjinga.

Jumapili, nyumbani kwangu, mama aliinama kumfuta baba mchuzi kidevuni. Kofi likampata sikioni, akaanguka juu ya sufuria. Baba aliutazama mkono wake, akacheka.

"Umerudi," akasema.

Nilikamata mwiko. Nilimpiga begani, nikampiga kwenye kile kiganja, nikampiga mpaka akaporomoka kutoka kitini, analia kwa sauti. Nikainua tena.

Mama alikuwa ameshajikokota hadi katikati yetu. Hakumtazama baba. Alinitazama mimi, kisha akafunika uso kwa viganja vyote viwili, vilevile kama siku ile kwenye benchi. Mkono wangu wa kulia ulikuwa bado uko juu.