Samaki wa Siku ya Tano

Harufu ya mgongo wazi inapopanda kutoka kwenye karai la mafuta haimwombi mtu ruhusa. Huingia kwenye nguo, kwenye nywele, kwenye daftari za shule, na ukiwa na njaa huingia hata kwenye sala. Kwa asiyemjua, mgongo wazi ni samaki ambaye minofu yake imebaki kiwandani kwa ajili ya wenye nafasi, akatufikia sisi wa mtaa wa mabanda wa Gatwekera akiwa kichwa, mfupa na mkia. Nimekula samaki wazima katika mikutano ya wasomi, wamelazwa juu ya majani kama maiti wa heshima, na sikumbuki ladha ya hata mmoja. Huyu wa mifupa, niliyemla nikiwa na miaka tisa, nimemtafuna kwa miaka zaidi ya thelathini.

Ilikuwa likizo ya Agosti, msimu wa ile baridi ya Nairobi inayopenya mabati na kulala nanyi kitandani. Dada yangu Akinyi, aliyenitangulia kwa miaka minne, alikuwa hajainuka kitandani kwa wiki tatu. Miguu na mgongo vilimuuma hadi akawa anaitafuna kona ya blanketi. Baadaye chuo kikuu kilinifundisha kwamba ugonjwa huo unaitwa selimundu, maana chuo kikuu ni hodari wa majina. Wakati ule tulisema tu "ule ugonjwa wa damu". Hospitali walikuwa wamefanya waliloweza wakamrudisha nyumbani, na mama, aliyeuza mitumba ya watoto katika Soko la Toi, akamkabili Mungu kwa ukaidi uleule aliokuwa nao mbele ya wanunuzi: hakushuka. Kanisa letu la mabati lilikuwa na desturi kwamba nyumba yenye mgonjwa hufunga siku saba, tangu alfajiri hadi jua kutua, kila mtu isipokuwa mgonjwa mwenyewe. Mchungaji alituwekea mikono, kisha akatuonya: "Mfungo ni mtungi wa maji. Mmoja wenu akionja kitu, ametoboa tundu. Msishangae mkifika nyumbani mkute mtungi mtupu." Mimi niliyechota maji kila siku niliuelewa mtungi huo kuliko nilivyoelewa Utatu Mtakatifu.

Nilivumilia siku nne. "Ouma, siku hizi wewe ni mgongo wazi tu, na masikio," Akinyi alinitania. Siku ya tano nilikuwa na mama pale Toi nikikunja suruali ndogondogo, mikono ikinitetemeka. Mama aliondoka kidogo, akarudi, akaanza kupanga nguo zilizokwisha kupangwa. Punde Mama Apiyo, muuza samaki wa upande wa pili wa njia, akaniita.

"We Ouma, kuja hapa. Ingia nyuma ya hayo magunia."

Akaniwekea mgongo wazi wa moto juu ya gazeti.

"Mama amesema tusikule," nikanong'ona.

"Nimekuuliza mama amesema nini? Kula, na usiniangalie na hayo macho."

Nilikula. Nilikula kichwa, nikala macho, nikanyonya mfupa hadi ukawa mweupe. Jioni ilikuwa zamu yangu kumkanda Akinyi miguu kwa maji ya moto, huku mama akiwasha jiko mlangoni. Akinyi akaushika mkono wangu, akaunusa, akacheka kwa mara ya kwanza juma lile. "Mwizi wewe! Umekula samaki." Machozi yakanitoka. "Nyamaza, sisemi," akanong'ona. "Afadhali mtu mmoja kwa hii nyumba ameshiba." Kisha akausogeza tena mkono ule puani, polepole, kama mtu aliyekatiwa kipande. Hakumwambia mtu. Alfajiri ya siku ya saba alikufa.

Tulimzika nyumbani kijijini, kando ya ziwa, na tuliporudi Nairobi mama hakuweza tena kulala katika chumba kile. Tulihamia mtaa wa Kawangware, kwenye ploti ya vyumba vya kupanga ya bibi mmoja Mkikuyu aliyetupokea kwa uji na maswali machache. Huko mama alianza kufunga kila Jumatano, na hakuacha. Sikuwahi kumuuliza anaomba nini, kwa sababu nilidhani najua: anaomba aonyeshwe aliyetoboa mtungi. Mficha maradhi, kifo humfichua. Mimi niliyaficha yangu nikasoma nayo hadi shahada ya pili. Nikawa mtu wa kuandika makala za kejeli kuhusu imani, na wasomaji wakanisifu kwa ujasiri. Ujasiri! Jumatano sikuthubutu kukanyaga kwa mama yangu.

Agosti iliyopita nililazimika. Mama ana sukari sasa, na daktari amemkataza kukaa na njaa. Nilifika mchana na mkate wa ngano isiyokobolewa, pamoja na mhadhara.

"Mama, hii kufunga itakuua."

"Daktari wako anajua sukari. Hii si ya sukari."

"Basi ni ya nini? Akinyi alishaenda. Unaomba nini miaka hii yote?"

Aliusogeza mkate kando. Na mimi, mtu mzima mwenye kipara, nikasema kwa sauti ya miaka tisa: "Mama, ni mimi nilivunja. Nilikula samaki kwa Mama Apiyo, siku ya tano."

Mama akageuka kuniangalia. "Kwani wewe ulimjua Mama Apiyo kama mtu wa kupeana samaki bure?" Kisha akashusha sauti. "Ni mimi nilimtuma, Ouma. Nilikuona ukitetemeka, nikaogopa nitazika wawili. Huo mtungi nilitoboa mimi. Kila Jumatano namwomba Mungu neno moja tu kutoka kwa Akinyi, nijue kama alinisamehe."

Nilimwambia. Mkono, kunusa, kicheko, maneno yenyewe. Aliniomba niyarudie, nikayarudia. Mara ya tatu akayasema pamoja nami.

"Na alicheka?"

"Alicheka, Mama."

"Basi enda utuletee samaki."

Pale nyumba yetu ya Gatwekera ilipokuwa, siku hizi ni lami. Magari hupita juu ya mahali ambapo Akinyi alilala. Zamani mtu akiniuliza kama sala hujibiwa, nilikuwa na hoja za saa nzima. Sasa nina aibu tu. Kawia ufike, husema Waswahili, na methali hiyo nilizoea kuitumia kumcheka Mungu. Lakini neno ambalo mama alililia lilitamkwa kabla hajaanza kuliomba, likakabidhiwa mtu mmoja alifikishe, hatua nne kutoka kitandani hadi kwenye jiko. Mjumbe ndiye aliyekawia. Mama alimla mgongo wazi wake wote, kichwa na macho, Jumatano, saa nane mchana. Kisha, kabla ya kunawa, akauinua mkono wake na kuunusa, polepole.