Mjane Tuliyempa Pole

Sisi tuliokulia Makambako miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, tuliuona mji ukibadilika mbele ya macho yetu. Dukani ambako jana kulikuwa na kiberiti na sabuni ya kipande, na sukari ya kupangia foleni, leo rafu zilijaa biskuti, betri, redio za kaseti na mafuta ya nywele ambayo hatukujua yanapakwaje. Sokoni waliyafungua marobota ya mitumba asubuhi na baridi yake, na mama zetu wakatuchagulia masweta ya sufu yenye picha za theluji na wanyama wa Ulaya. Tuliyavaa bila swali. Upepo wa Makambako ukikushika, huulizi sweta limetoka wapi.

Rafiki yangu Rukia alikuwa binti wa mwenye malori. Kwao ni Warangi kutoka Kondoa, Waislamu. Kwetu ni Wabena, Walutheri wa upande wa Kitandililo. Idi nilikula pilau kwao, Krismasi alikula kuku kwetu, na siku zilizobaki tulikula viazi vya kuchemsha popote vilipoiva. Tulikuwa darasa la sita, dawati moja.

Mwaka ule baba yake, ambaye sote tulimwita Baba Mwanaidi kwa jina la binti yake mkubwa, alirudi kutoka Dar es Salaam na kompyuta iliyokwisha kutumika huko Ulaya. Alisema ni ya kazi za ofisi. Aliiweka kwenye chumba cha nyuma ya duka, chenye harufu ya grisi na magunia, na Mama Mwanaidi akaifunika kitambaa cha kufuma kama kochi la wageni. Tulivua viatu kabla ya kuingia. Kazi za ofisi hatukuziona zikifanyika pale, lakini aliyeiuza alikuwa ameacha mchezo mmoja ndani, na mchezo huo ndio ulioimaliza likizo yetu ya Desemba.

Ulikuwa mchezo wa upelelezi. Vijana wa leo wakisikia neno mchezo wanafikiria kukimbia na kupiga risasi. Ule haukuwa hivyo. Ulikuwa hadithi unayoiendesha mwenyewe, taratibu. Kulikuwa na London ya kale, ya magari ya farasi na taa za gesi, na ukungu mzito barabarani. Picha ya kwanza ilipotokea, nyumba zikionekana nusu na miti ikiwa mivuli, nilisema, "Hii si Njombe?" Bibi yangu aliishi Njombe, na asubuhi za kule ndivyo zilivyo, unasikia mtu akikusalimu "kamwene" kabla hujamwona. Rukia akacheka mpaka akakaa chini. "Kumbe hata Wazungu wana Njombe yao!"

Ndani ya mchezo tajiri mmoja amekutwa amekufa bustanini, na mpelelezi ameitwa. Unakigusa kipanya, mpelelezi anatembea. Ukigonga mlango kwa kipanya, anaingia. Ukimgonga mtu, sentensi zinatokea chini ya kioo, unachagua mpelelezi amwambie nini. Yote kwa Kiingereza. Kwa hiyo tulimhitaji dada Mwanaidi, aliyekuwa kidato cha pili na amerudi likizo. Yeye alisoma na kututafsiria, mimi nilishika kipanya, na Rukia alishuku watu.

Nieleze kidogo jinsi hadithi hizi zinavyofumwa, maana sisi tulijifunza kwa kupapasa. Hadithi za bibi yangu zilikuwa wazi tangu mwanzo. Fisi akiingia, unajua ni fisi. Unachongoja ni atakamatwa vipi. Hadithi ya upelelezi inafanya kinyume. Fisi amekwisha kula, amejipangusa mdomo, na amekaa sebuleni akinywa chai na wengine. Unachongoja ni kumjua. Na mtunzi anakuonyesha kwanza mtu wa kukupoteza. Kwetu alikuwa mwendesha farasi mwenye kovu shavuni. Baba Mwanaidi alipita siku moja akachungulia, akasema, "Huyo! Mtazameni macho." Hata mimi niliamini. Lakini mwendesha farasi alikuwa mwizi wa pombe tu. Ukimwona mtu ana sura ya mwuaji kabisa, jua amewekwa hapo ili umtazame yeye.

Tena mpelelezi ana rafiki anayemfuata kila mahali na haelewi kitu. Rukia alimchukia. "Huyu mjinga analipwa ya nini?" Dada Mwanaidi ndiye aliyetuonyesha kazi yake. "Angekuwa anaelewa," alisema, "asingeuliza. Asingeuliza, mwenzake asingejibu. Na wewe Rukia ungejuaje?" Tangu hapo tulimheshimu yule rafiki. Alikuwa anauliza kwa niaba yetu.

Sasa kukwama kwetu. Ghorofani kulikuwa na chumba cha mjane wa marehemu. Amevaa nyeusi, amekaa karibu na dirisha, uso chini. Nyuma yake kuna kabati. Tulipoingia mara ya kwanza, sentensi zikatokea: moja ya kumwuliza alikuwa wapi usiku wa kifo, nyingine ya kumwuliza kama aligombana na mumewe, na ya tatu ya kumpa pole. Hatukushauriana. Niligonga ya pole. Mjane akainamisha kichwa, dada Mwanaidi akasoma, "Asante, bwana," na mimi nikamtoa mpelelezi nje, nikamfungia mama wa watu mlango polepole.

Na tukarudi hivyohivyo kila mara. Mama yangu alitulea kwa maneno machache, na mojawapo lilikuwa hili: "Kwenye msiba, mikono mapajani." Hufunui sufuria, huvuti droo, huulizi mali. Unaketi mkekani, unatoa pole, unaondoka. Kwa akina Rukia ilikuwa kali zaidi. "Yuko eda," alisema, "na mpelelezi ni mwanamume. Hata pale mlangoni tumezidi." Dada Mwanaidi, msomi wetu, alikubali. Basi tukaipekua nyumba nzima, jikoni, zizini, bustanini, tukawauliza watumishi maswali yaleyale wakatujibu majibu yaleyale, na kila tulipopita ghorofani tukapanda kumpa mjane pole nyingine. Hadithi ikasimama kabisa, kama lori lililokatika ekseli.

Michezo ya namna ile ilikuwa na sheria moja ambayo hatukuijua: hadithi haiendi mbele mpaka uokote kitu kilichowekwa ili ukiokote. Mtunzi hapotezi rangi bure. Akichora kabati, kabati lina kazi. Lakini nani angetuambia? Hapakuwa na wa kumwuliza mji mzima.

Kisha Baba Mwanaidi akatangaza kwamba wanahamia Tunduma. Mpaka wa Zambia ulikuwa umefunguka, biashara yote inakimbilia huko, na nyumba alikuwa amekwisha kupata. Wangeondoka Jumapili ya wiki ileile, na kompyuta ingeondoka nao. Dada Mwanaidi angerudi shuleni kwake moja kwa moja. Huko Tunduma Rukia asingekuwa na wa kumsomea wala wa kumshikia kipanya, na mimi nisingekuwa na chochote. Tukakubaliana kwamba akiondoka, aondoke tukimjua mwuaji. Kwa watoto wa umri ule hilo lilikuwa jambo zito kuliko kuhama kwenyewe. Au pengine ndilo tulilojua namna ya kulisema.

Jumamosi Rukia alisimama nyuma yangu akasema, "Fungua kabati."

"La mjane?"

"Tunaondoka kesho, Upendo. Fungua."

"Wewe mwenyewe ulisema yuko eda."

"Ni Mzungu. Hana eda."

"Lakini kafiwa."

Dada Mwanaidi akainua mikono: "Msinitazame. Mimi ni msomaji tu."

Mama Mwanaidi akaingia na birika la chai ya tangawizi. Rukia akamwelezea kesi yote, kwamba mpelelezi anataka kupekua chumba cha mwanamke aliyefiwa, na bila hivyo hadithi haiendi. Mama Mwanaidi akakitazama kioo.

"Amebisha hodi?"

"Mama, ni mchezo."

"Hata kama ni mchezo. Abishe hodi, atoe pole, aombe radhi. Ndipo atafute. Serikali ikitafuta mwuaji, inaruhusiwa, lakini si kwa kuvamia kama mbwa."

Basi tukafanya hivyo. Nilimsimamisha mpelelezi mlangoni, na sote watatu tukaita kwa pamoja mbele ya kioo, "Hodi! Hodi humu ndani!" Mama Mwanaidi akaitikia, "Karibuni," kwa niaba ya mjane. Nikagonga pole ya mwisho. Kisha nikagonga kabati.

Ndani kulikuwa na jozi ya viatu vya kike vyenye tope la bustanini.

Mjane alikuwa amemwambia kila mtu kwamba usiku ule hakutoka kitandani. Mtoto wa darasa la kwanza angejumlisha. Sisi hatukujumlisha. "Kawekewa!" Rukia alipiga kelele. "Wamemwekea maskini wa Mungu!" Nami niliona hivyohivyo. Milango iliyokuwa imefungwa ikaanza kufunguka mmoja baada ya mwingine, mtumishi aliyekuwa bubu akaanza kusema, na sisi tukawa tunatafuta kwa bidii mtu mbaya aliyeingiza viatu kwenye kabati la mjane wetu.

Jumapili nilitoka kanisani mbio, sweta mkononi. Lori lilikuwa limesimama mbele ya duka, wapakiaji wakitoa makabati na magodoro. Kompyuta ilikuwa bado mezani, maana Rukia alikuwa amemlilia baba yake iwe ya mwisho. Tulikuwa tumefika mwisho wenyewe: mpelelezi amewakusanya watu wote sebuleni.

Ndivyo hadithi hizi zinavyomalizika, na ukiishi Ubena hushangai, kwa sababu kikao cha ukoo ni hivyohivyo. Wanaohusika wote wanakaa chumba kimoja, na mwenye kulijua jambo anaanza tangu mbali. Hataji jina. Anaeleza saa iliyosimama, dirisha, barua, mbwa ambaye hakubweka. Anamgeukia mmoja mpaka jasho limtoke, kisha anamwacha na kumgeukia mwingine. Uzuri wake uko katika kukawia. Siku hiyo, huku injini ya lori ikinguruma nje, uzuri huo ulitutesa.

"Sema jina basi, bwana wee!" Rukia alimfokea mpelelezi.

Wapakiaji wakaingia wakachukua viti. Tukasimama. Wakarudi wakataka meza. Tukaishusha kompyuta sakafuni, waya ukiwa bado ukutani, tukapiga magoti. Dada Mwanaidi alisoma kama mtu anayefukuzwa. Honi ikalia. Baba Mwanaidi akaingia na blanketi la kufungia.

"Basi, chomoa."

"Baba, amebakiza kidogo!"

"Nimesema chomoa. Njia yote hii, na mvua inakuja."

Mpelelezi alikuwa akimgeukia mwendesha farasi. Baba Mwanaidi akainama na blanketi lake. "Si nilisema? Ni huyo." Mpelelezi akamwacha mwendesha farasi. "Aa," akasema Baba Mwanaidi, akachuchumaa. "Kwa hiyo ni nani?" Honi ikalia tena. Akapaza sauti dirishani, "Subiri, wewe! Kuna haraka gani?"

Jina likatajwa. Dada Mwanaidi alilisoma, akalisoma tena. Mpelelezi alikuwa ameweka viatu vya tope mbele ya mjane.

Mumewe alikuwa amepanga kumfukuza kwenye nyumba ile mikono mitupu, aoe mwingine. Hayo tuliyasikia baadaye kidogo, dada Mwanaidi alipomaliza maelezo. Kwanza Baba Mwanaidi alicheka. "Mwezi mzima mnampa pole mwuaji!"

"Ndiyo maana walimweka pale," alisema dada Mwanaidi, polepole, kama aliyekuwa akigundua wakati uleule. "Mtunzi alijua mtamwonea huruma. Akamficha humohumo ndani ya huruma yenu."

Sijasikia maelezo bora ya hadithi za upelelezi tangu siku ile, na nimesoma nyingi.

Kompyuta ikafungwa blanketi ikaenda mbele, miguuni pa Mama Mwanaidi. Mimi na Rukia hatukukumbatiana. Watoto wa kwetu hatukuzoea. Tuligombana. Nilimwambia pole zetu zimepotea bure. Alikataa. Lori lilipoanza kuondoka alitoa kichwa dirishani akapiga kelele, upepo ukimrushia mtandio usoni: "Upendo! Alifiwa! Hata kama ni yeye, alifiwa!" Mama yake akamvuta ndani. Lori likashika barabara ya Zambia.

Tuliandikiana barua mwaka ule, kisha zikakoma, bila ugomvi wala sababu. Ndivyo ilivyokuwa. Mtu akihama, amehama.

Juzi mpwa wangu alimaliza mchezo wa upelelezi kwenye simu mchana mmoja, akiwa amelala kitandani, masikio yamezibwa. Picha ni nzuri ajabu, mvua inaonekana kama mvua. Nilimwuliza kama hakukwama. "Nilikwama, shangazi. Nikaangalia jibu mtandaoni." Nikamwuliza alikuwa akimshuku nani kabla ya hapo. Akanitazama kwa upole, kama anayemwonea mtu mzima huruma. Hakuwa amemshuku yeyote. Simlaumu. Ana majibu yote mkononi, na sisi wakati ule hatukuwa na jibu hata moja, tulikuwa na watu wa kukosea nao.

Mimi bado nasoma hadithi hizo, na sheria zake nazijua. Nikifika katikati namtafuta yule ninayemwonea huruma kuliko wote, na nikimpata, nafunga kitabu kwanza. Najua ni yeye. Nakaa kidogo nikitaka asiwe yeye, kisha naendelea kusoma, peke yangu.